Kupima Ukinzani wa Aina za Dengu Dhidi ya Mnyauko Fuzari: Mwongozo Kamili kwa Mkulima na Afisa Ugani

Mkulima wa dengu wa Kishapu, Kwimba, Misungwi au Igunga hupanda zao hili mvua zikielekea ukingoni, kwenye udongo mweusi wa mbuga, kisha huliacha likomae kwa unyevu uliobaki ardhini. Utaratibu huo ni nafuu, na kwa kuwa mmea hukua katika miezi mikavu, magonjwa ya majani yanayopenda mvua hayapati nafasi kubwa. Mnyauko fuzari hauhitaji mvua. Ukungu unaousababisha, Fusarium oxysporum f. sp. ciceris, huishi ndani ya udongo, huingia kupitia mizizi na kuziba mishipa inayopandisha maji, na unaweza kubaki hai shambani kwa miaka sita au zaidi hata kama dengu hazikupandwa tena. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoufikia mahali hapo. Kinga ya maana ni mbegu yenye ukinzani.

Shida ni kwamba tumezoea kusema "aina hii ni kinzani" na kuishia hapo, ilhali sentensi hiyo haijakamilika mpaka itajwe ni kinzani dhidi ya ugonjwa upi, dhidi ya mbari ipi ya ukungu (yaani kundi lipi ndani ya ukungu huohuo), na katika joto gani la udongo. Watafiti wametambua mbari nane za ukungu huu, zinazoandikwa 0, 1A, 1B/C, 2, 3, 4, 5 na 6, na aina inayosimama imara mbele ya mbari moja inaweza kuanguka mbele ya nyingine. Kwa sababu hiyo sifa iliyoandikwa kwenye kipeperushi ni mahali pa kuanzia tu; jibu lenyewe hutolewa na udongo wa shamba lako. Hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kuuliza swali hilo shambani kwa gharama ndogo na kupata jibu linaloaminika. Dengu zinazozungumziwa hapa ni zile zenye punje iliyochongoka upande mmoja, wala si choroko, ambazo majirani zetu wa Kenya huziita ndengu.

Hatua ya kwanza: hakikisha kinachoua dengu zako ni mnyauko fuzari

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ikirukwa kazi yote inayofuata hupotea. Mmea wa dengu unaweza kufa kwa sababu nyingi ambazo kwa mbali zinafanana, na aina yenye ukinzani dhidi ya mnyauko fuzari haina ahadi yoyote dhidi ya sababu nyingine.

Ingia shambani asubuhi, kabla jua halijachoma, utafute mche ulioanza kulegea leo au jana, wenye majani ambayo bado yana rangi ya kijani. Usichukue uliokauka wiki mbili zilizopita, kwa maana mmea ukishakufa huvamiwa na kuvu wengine wengi wanaoubadilisha rangi na kukupotosha. Chimba kwa jembe dogo au panga, usiung'oe kwa kuvuta, ili mzizi mkuu utoke mzima. Suuza udongo, kisha uutazame mzizi kwa nje: katika mnyauko fuzari mzizi huonekana mzima, haujaoza wala haujakauka. Sasa lichane shina kwa wembe kutoka sentimita chache juu ya usawa wa ardhi hadi ndani ya mzizi. Ukiona michirizi ya kahawia iliyoiva au nyeusi ikipanda katikati ya shina, huku ganda la nje likiwa safi, umeupata. Chana na mche wenye afya uliosimama jirani ili ulinganishe, kwa kuwa katikati ya shina lenye afya ni nyeupe na tofauti haihitaji darubini.

Mzizi ukikatika kama kijiti kikavu unapochimba, ukawa mweusi, umepoteza vijizizi vyake vya pembeni, na mmea mzima umegeuka rangi ya majani makavu wakati wa maua au wa kujaza maganda, huo ni uozo mkavu wa mizizi unaoletwa na ukungu wa Rhizoctonia bataticola. Ugonjwa huo hupamba moto udongo unapokauka na joto kupanda juu ya nyuzi 30 za Selsiasi, na katika maeneo yanayolima dengu kwa unyevu wa kubakia tu usidhani ni jambo la nadra. Miche inayokufa ikiwa michanga, shina likiwa limeoza usawa wa ardhi na kuzungukwa na nyuzi nyeupe zenye vidonge vidogo kama mbegu za haradali, inasumbuliwa na Sclerotium rolfsii, hasa pale unyevu ulipokuwa mwingi na mabaki ya mazao yaliyotangulia hayajaoza. Shina lililokatwa kabisa ni kazi ya viwavi waitwao sota. Na mche uliolegea saa nane mchana lakini ukasimama tena jioni una kiu tu.

Chunguza miche isiyopungua kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba. Mingi ikiwa na michirizi ya ndani, endelea. Ikichanganyika nusu kwa nusu na ya mizizi iliyokatika, bado unaweza kuendelea, ila itakubidi kuchana kila mche utakaokufa kwenye jaribio na kuyaandika magonjwa hayo mawili katika safu tofauti.

Hatua ya pili: tafuta aina za kupima, na mbegu ya shahidi

Mwaka 2011 kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, kwa ushirikiano na ICRISAT (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya nchi kame), kilitoa aina nne za dengu: Ukiriguru 1 na Mwanza 1, ambazo ni za kundi la desi lenye punje ndogo za rangi ya hudhurungi, pamoja na Mwangaza na Mwanza 2, ambazo ni za kundi la kabuli lenye punje kubwa nyeupe. Hizo ndizo za kuanza nazo katika Kanda ya Ziwa. Omba mbegu TARI Ukiriguru (kituo hichohicho, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) au kwa wazalishaji waliosajiliwa, iwe na lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, au iwe mbegu ya kuazimiwa ubora kutoka kikundi kinachojulikana. Mbegu ya sokoni iliyopewa jina na muuzaji haifai kwa jaribio, kwa sababu hutajua ulichopima. Kwa ujumla desi huvumilia mnyauko kuliko kabuli, lakini usiache kuzipima kabuli kwa kanuni hiyo peke yake, kwani bei yake inaweza kufidia hasara kiasi.

Zaidi ya aina hizo unahitaji mbegu ya shahidi, yaani aina dhaifu ambayo una hakika huuawa na ugonjwa huu. Bila shahidi, aina iliyopona haithibitishi chochote. Huenda ukungu haukuwepo katika sehemu hiyo ya shamba. Katika kituo cha ICRISAT cha Patancheru, India, shahidi wa miaka mingi ni JG 62, dengu yenye tabia ya kuzaa maganda mawili kwenye kikonyo kimoja na ya kunyauka mapema kabisa, na husindikizwa na K 850, ambayo hunyauka ikiwa imekua. Mkulima wa kawaida hawezi kuzipata hizo wala hazihitaji. Chukua mbegu ya kienyeji iliyokufa kwa wingi msimu uliopita katika shamba hilohilo, ila uipate kutoka ghala la jirani ambaye shamba lake lilikuwa salama, ili usipande mbegu iliyokwisha kuambukizwa.

Hatua ya tatu: chagua mahali palipo na ugonjwa

Desturi ya shamba darasa ni kuchagua eneo zuri kando ya barabara ili wageni wapendezwe. Kwa kazi hii fanya kinyume chake: tafuta kiraka ambacho dengu zilikufa kwa wingi mwaka jana, na mwenye shamba akuoneshe mahali penyewe badala ya kukuelekeza kwa mkono. Vituo vya utafiti hutengeneza viraka vya namna hii kwa makusudi, kwa kupanda aina dhaifu misimu kadhaa mfululizo na kurudishia udongoni mabaki ya mimea iliyokufa mpaka karibu kila mche wa shahidi unakufa. Wewe usitengeneze ugonjwa katika shamba lako, tumia uliopo.

Epuka kingo za tuta, kichuguu na bondeni maji yanapotuama, kwa maana kiraka kinachotofautiana sana ndani yake kitakupa majibu yanayogombana. Zuia pia mifugo. Baada ya mpunga na mahindi kuvunwa ng'ombe huachiwa mashambani, na kundi moja likipita kwenye jaribio hesabu yako imekwisha, kwa hiyo miiba ya kuzungushia ikatwe kabla ya siku ya kupanda.

Hatua ya nne: pima na panda

Gawa eneo katika vipande vitatu vya mita 4 kwa 4, tutakavyoviita majukwaa, vyenye njia ya mita moja kati yake. Ndani ya kila jukwaa chora mistari 13 yenye urefu wa mita 4, umbali wa sentimita 30 kutoka mstari hadi mstari. Mstari wa kwanza ni wa shahidi, miwili inayofuata ni ya aina moja, unaofuata ni wa shahidi tena, miwili ya aina nyingine, na kuendelea hivyo hadi mstari wa mwisho, ambao nao ni wa shahidi. Kwa mpangilio huu kila aina kati ya nne inabanwa na shahidi pande zote mbili, na hiyo ndiyo nguvu ya jaribio lenyewe, kwa sababu ukungu wa udongo haujasambaa sawasawa hata ndani ya hatua tano.

Mpangilio wa aina usifanane katika majukwaa yote matatu. Andika majina kwenye vikaratasi, vikunje, mtu avichomoe kutoka kwenye kofia, na ufuate alichochomoa hata kama Mwangaza imeangukia pembeni mara mbili. Mkono wa mtu anayependa aina fulani huipeleka mahali pazuri bila yeye mwenyewe kujua.

Panda punje moja kila sentimita 10, kina cha sentimita 5 hadi 8, ili ikute unyevu. Kila mstari utachukua takriban punje 40, kwa hiyo robo kilo ya kila aina inatosha na kubaki, na nusu kilo ya shahidi. Panda zote siku moja. Mbegu za jaribio zisipakwe dawa ya kuua ukungu, maana hapo utakuwa unapima dawa. Weka kigingi chenye namba kwenye kila mstari na uchore ramani mbili, moja ikae shambani na nyingine nyumbani. Vigingi huchomwa kuni.

Hatua ya tano: hesabu, na usingoje mavuno

Siku ya 14 baada ya kupanda, hesabu miche iliyoota katika kila mstari na uandike. Idadi hiyo ndiyo msingi wa hesabu zote, wala si idadi ya punje ulizofukia. Kuanzia hapo pita kila baada ya siku saba hadi kumi. Kila mche ulionyauka uchane, uhakikishe michirizi, uandike, kisha uchomeke kijiti mahali mche huo ulipokuwa ili usihesabiwe mara ya pili wala kusahaulika. Mche uliokufa ukiwa na wiki nne hupeperushwa na upepo wa Juni pasibaki alama yoyote.

Tenganisha vifo vya siku 30 za mwanzo na vile vya baadaye. Mnyauko wa mapema na wa baadaye una hasara tofauti kabisa: katika utafiti wa Haware na Nene uliochapishwa mwaka 1980, mimea iliyonyauka mapema ilipoteza asilimia 77 hadi 94 ya mazao yake, na iliyonyauka baadaye asilimia 24 hadi 65. Mmea unaokufa ukiwa na maganda huacha punje, lakini punje hizo huwa nyepesi, zilizokunjamana na zisizong'aa.

Jukwaa moja lisomwe hivi, kwa mfano. Tuseme mistari miwili ya Mwanza 1 iliota miche 72. Hadi siku ya 30 imekufa 3, na kutoka hapo hadi kukomaa imekufa mingine 12. Jumla ni 15 kati ya 72, sawa na asilimia 21. Mistari ya shahidi iliyoibana iliota miche 74 na 63 imekufa, yaani asilimia 85. Hapo unaweza kusema kwa ujasiri kwamba aina hiyo ilikutana na ugonjwa mkali na sehemu kubwa ikapona. Sasa chukulia jukwaa la pili, ambamo ni asilimia 3 tu ya aina hiyohiyo iliyokufa, lakini shahidi jirani naye amekufa asilimia 15. Wengi watalifurahia jukwaa hili la pili, na ndilo lisilosema kitu. Jukwaa ambalo vifo vya shahidi havikufikia walau nusu ya miche liwekwe kando, na kama majukwaa yote matatu yako hivyo, rudia msimu ujao mahali pengine.

Hatua ya sita: toa hukumu kwa tahadhari

Ipo mizani zaidi ya moja ya kuipa aina daraja, lakini kwa kazi ya shambani inatosha kusema kwamba aina iliyopoteza asilimia 10 ya miche au chini ya hapo ni kinzani, iliyofika hadi 30 ina ukinzani wa wastani, na iliyopita 50 ni dhaifu. Kati ya 30 na 50 jibu linategemea mazao: pima uzito wa punje kavu kutoka kila mstari, kwa sababu aina inayonyauka kwa kuchelewa na kuzaa sana inaweza kukupa gunia zaidi kuliko aina isiyokufa lakini yenye maganda machache.

Aina zinazochelewa kunyauka zina habari nyingine ya kuvutia, ingawa inawahusu zaidi wazalishaji wa mbegu. Ukinzani dhidi ya mbari 1A hauletwi na jeni moja. Kuna jeni kadhaa zinazojitegemea, kila moja ikiwa na uwezo wa kuchelewesha ugonjwa tu, na zikikutana mbili katika mmea mmoja mmea huo huwa kinzani kamili. Ndiyo maana wazazi wawili ambao wote hunyauka wanaweza kuzaa mtoto asiyenyauka, na ndiyo maana afisa ugani anayeona aina iliyochelewa kufa hapaswi kuiandika kuwa imeshindwa bila maelezo.

Jambo la pili la kuangalia ni joto. Aina iitwayo Ayala ilipopimwa dhidi ya mbari 1A katika joto la mchana la nyuzi 24 ilionesha ukinzani wa wastani. Kwa nyuzi 27 ikawa dhaifu kabisa. Tofauti ni nyuzi tatu tu. Mkulima anayepanda udongo ukiwa bado na joto kali na jirani yake anayepanda wiki tatu baadaye wanaweza kugombana juu ya aina ileile, na wote wawili wakawa wakweli. Andika tarehe ya kupanda kwenye kila karatasi, na kama una kipimajoto, pima udongo kwa kina cha sentimita 10 mara moja kwa wiki, saa ileile. Kwa sababu hizo hukumu ya msimu mmoja ni ya muda. Rudia mwaka wa pili, ikiwezekana katika kijiji kingine, kabla ya kuwashauri watu wabadili mbegu.

Asiyeweza kungoja msimu anaweza kutumia ndoo kwa uchunguzi wa awali. Jaza udongo wa kiraka kinachougua katika ndoo zilizotobolewa chini, jaza nyingine udongo wa mahali salama, panda punje kumi za kila aina katika kila ndoo, na mwagilia kiasi cha kuzuia kiu bila kutuamisha maji. Shahidi akifa kwenye udongo unaougua na kupona kwenye ule wa salama, utakuwa umepata dalili nzuri ndani ya wiki sita. Ndoo hazikuambii chochote kuhusu mavuno, na mizizi iliyobanwa hupata joto kuliko ile ya shambani, kwa hiyo zitumie kupunguza orodha ndefu ya aina, si kuchagua mshindi.

Hatua ya saba: itunze aina uliyoichagua

Dengu hujichavusha zenyewe, hivyo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu yake kwa misimu kadhaa bila aina kubadilika, mradi isichanganyike na ya kienyeji kwenye uwanja wa kupuria na kwenye magunia. Chagua mbegu kutoka sehemu ya shamba isiyo na mche ulionyauka. Ukungu husafiri ndani ya mbegu, na punje zilizokunjamana kutoka mimea iliyokufa kwa kuchelewa ndizo zinazoupeleka kwenye mashamba mapya, kwa hiyo zipepetwe na ziende jikoni, zisiende ghalani. Mbegu ya kupanda (hapa hatupimi tena) ipakwe dawa yenye thiramu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo iliyosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na mbegu iliyopakwa isiliwe wala kupewa kuku.

Mzunguko wa mazao husaidia kuzuia ukungu usiongezeke, lakini hauwezi kusafisha shamba lililokwisha kuambukizwa. Zungusha kwa mtama, mahindi au pamba. Usitegemee mbaazi, kwani mizizi yake inaweza kubeba ukungu wa dengu bila kuonesha dalili yoyote, na hali ni hiyohiyo kwa njegere na adesi. Ng'oa na uchome mimea iliyonyauka badala ya kuifukia, na usafishe jembe la trekta la kukodi kabla halijaingia kwako.

Lipo pia suala la soko. Sehemu kubwa ya dengu zetu huuzwa India, na nchi hiyo ilipoweka ushuru wa asilimia 30 Desemba 2017 kisha kuupandisha hadi 60 Machi 2018, wakulima waliokuwa na mavuno mazuri walikosa wa kuwauzia kwa bei ya maana. Kabla ya kugeuza shamba lote kwa aina moja, ulizia wanunuzi wa eneo lako wanataka punje ya rangi na ukubwa gani. Kisha panda aina mbili kati ya zilizofaulu, katika vipande tofauti, na uache mstari mmoja wa shahidi kwenye kila kipande kila mwaka. Aina uliyoiamini ikianza kufa siku moja pamoja na shahidi, chana miche, hesabu, na umpelekee mtaalamu wa magonjwa ya mimea kituoni sampuli za mashina zilizofungwa kwenye karatasi, si kwenye plastiki, kwa kuwa huenda mbari nyingine imeingia shambani na kituo kinahitaji kuiona mapema.